Dawa Iko CTC, Mama Yuko Kliniki

Barua ya wazi kwa Timu ya Usimamizi wa Huduma za Afya ya Mkoa wa Singida, waganga wakuu wa halmashauri na waheshimiwa madiwani

Waheshimiwa,

Mjamzito anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, iwe Kiomboi, Nduguti, Ikungi au Itigi, huchomwa kidole. Tone la damu humwonyesha muuguzi kama mama ana virusi vya UKIMWI (VVU) au kaswende, jingine hupima malaria, jingine wingi wa damu. Akikutwa na VVU haachwi hivi hivi: anaanzishiwa dawa, mtoto anaandaliwa dawa yake kabla hajazaliwa, na mume anaitwa naye apime. Utaratibu huo umejengwa kwa zaidi ya miaka ishirini na umeokoa watoto wengi. Lakini kipo kirusi kingine kinachopita kwa mtoto katika damu hiyo hiyo, siku hiyo hiyo ya kujifungua. Kipimo chake hakijawa haki ya kila mama, ilhali dawa inayokizuia imekaa kabatini, chumba cha jirani. Ni kirusi cha homa ya ini aina ya B. Ombi langu kwenu ni moja: kila mjamzito wa mkoa huu apimwe kirusi hicho siku ile ile anayopimwa VVU, na akikutwa nacho apewe dawa hiyo, tenofovir, bila kulipia, kupitia watumishi wale wale wa kliniki ya tiba na matunzo ya VVU (CTC), mpaka mtoto wake akamilishe chanjo.

Naanza na mtoto kwa sababu umri ndio unaoamua kila kitu katika ugonjwa huu. Mtu mzima akiambukizwa homa ya ini B, mwili wake mara nyingi hukishinda kirusi wenyewe. Wanaobaki nacho maisha yote hawafiki watano kati ya mia. Mtoto akiambukizwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mambo yanageuka kabisa: watoto 80 hadi 90 kati ya mia hubaki nacho. Kisha hapaonekani kitu. Mtoto anakua, anacheza, anamaliza shule, anaoa au kuolewa, na ini linaliwa polepole bila maumivu wala homa. Dalili zinapojitokeza, tumbo limejaa maji, macho yamekuwa ya manjano, na mara nyingi mwenyewe yuko katika miaka yake ya kulima na kulea. Familia inauza ng'ombe, inazunguka kwa waganga, inatafuta aliyemroga. Anapofikishwa hospitali ya rufaa, daktari anakuta ini lililokakamaa au saratani, na hakuna tena cha kufanya zaidi ya kupunguza maumivu. Kifo hicho chanzo chake ni miaka thelathini au arobaini nyuma, kwenye chumba cha kujifungulia au katika miaka ya utotoni, na ndiyo maana hakimshtui mtu yeyote serikalini.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 inaonyesha ukimya huo umetugharimu nini. Mwaka 2022 homa za ini za virusi ziliua watu milioni 1.3 duniani, kutoka milioni 1.1 mwaka 2019, na katika kila vifo 100, 83 vilitokana na aina ya B. Watu milioni 254 wanaishi na kirusi hicho. Kati ya maambukizi mapya yote ya aina ya B, asilimia 63 hutokea Afrika. Waliokwisha kupimwa na kujijua ni asilimia 13 tu, na waliopata dawa ni kama asilimia 3. Hapa nchini, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka kliniki ya wajawazito ya Temeke, Dar es Salaam, ulikuta kirusi kwa wanawake wanane hivi kati ya kila mia. Haya si maradhi ya kuyasoma kama habari za mbali.

Mtaniambia kwamba watoto wetu wanachanjwa. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru: kinga ya homa ya ini B imo katika chanjo za watoto Tanzania tangu mwaka 2002. Ila ratiba ambayo watoto wetu wamekuwa wakiifuata huanza mtoto akiwa na wiki sita, ikarudiwa wiki ya kumi na ya kumi na nne. Mtoto wa mama mwenye virusi vingi mara nyingi huambukizwa wakati wa kuzaliwa, na chanjo inayomkuta wiki sita baadaye inamkuta tayari ana kirusi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hutaka dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Dozi hiyo huamuliwa na Wizara kwa ushirikiano na wafadhili wa chanjo. Hakuna halmashauri inayoweza kuiagiza yenyewe. Tenofovir kwa mjamzito ni jambo lililo ndani ya uwezo wenu, na inaziba pengo hilo hilo kwa kupunguza wingi wa virusi katika damu ya mama kabla mtoto hajatoka.

Kuna sababu nyingine inayoifanya Singida isingoje, nayo iko shambani na ghalani. Kati ya Mei na Novemba 2016, katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuugua ugonjwa ambao mwanzoni haukujulikana. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, wakatapika. Waliorekodiwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao wakafariki. Uchunguzi uliishia kwenye mahindi waliyokuwa wakila nyumbani: yalikuwa na sumukuvu kwa kiwango cha kutisha. Chemba, mojawapo ya wilaya zilizoguswa, inapakana na mkoa wetu. Mvua yake ni mvua yetu, ukame wake ni ukame wetu, na namna ya kuanika na kuhifadhi nafaka haibadiliki mtu akivuka mpaka. Sumukuvu haiishii kwenye mahindi. Huingia kwenye karanga, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliikuta pia katika mbegu za alizeti na mashudu kutoka kwa wakamuaji wadogo wa mafuta hapa Tanzania. Mkoa unaojivunia alizeti hauna budi kulitazama hilo kwa makini.

Kinachonitia hofu ni sumu hiyo inapokutana na kirusi ndani ya ini moja. Watafiti waliofuatilia zaidi ya wanaume 18,000 wa jiji la Shanghai, China, walichapisha matokeo yao mwaka 1994. Aliyekuwa na dalili za sumukuvu mwilini bila kirusi, hatari yake ya kupata saratani ya ini ilikuwa mara tatu na kidogo ya mtu asiye na lolote. Aliyekuwa na kirusi cha B bila sumukuvu, mara saba. Aliyekuwa na vyote viwili, karibu mara sitini. Naomba mlisome hilo mkiwa na ramani ya kanda ya kati mezani. Kuisafisha nafaka ya kaya zote za Mkalama, Iramba, Manyoni na Ikungi ni kazi ya miaka mingi: maturubai ya kuanikia, maghala, elimu, vipimo, na hali ya hewa isiyomsikiliza mtu. Kazi hiyo lazima iendelee. Lakini katika jozi hiyo ya hatari, kirusi ndicho kinachoweza kuzuiwa mapema na kwa bei ndogo, tena kwa kidonge kimoja kwa siku.

Kuhusu kidonge chenyewe, hakuna ugeni. Tenofovir ni mojawapo ya dawa tatu zilizomo katika TLD, kidonge ambacho nchi yetu ilianza kukisambaza kwa watu wanaoishi na VVU mwaka 2019. Wauguzi wetu wanaijua: wanajua madhara yake kwenye figo, wanajua namna ya kumshauri anayeimeza, na wamewapa wajawazito kwa miaka. Dawa hiyo hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya homa ya ini B tangu 2015. Kwa hiyo leo wanawake wawili wanaweza kukaa benchi moja, mmoja ana VVU na mwingine ana homa ya ini B; wa kwanza anaondoka na tenofovir bure, wa pili anaondoka na ushauri wa kutokunywa pombe.

Zamani palikuwa na kikwazo cha kitaalamu. Mwongozo wa mwaka 2020 ulitaka mama apimwe kwanza wingi wa virusi, au kipimo mbadala pale hicho kisipokuwepo, na dawa itolewe kwa yule mwenye virusi vingi tu. Kipimo cha wingi wa virusi ni ghali, na katika vituo vyetu vingi hakipo. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lililegeza sharti hilo. Sasa linasema, pale ambapo hakuna kipimo cha wingi wa virusi wala hicho mbadala, mjamzito yeyote aliyekutwa na kirusi cha B anaweza kupewa tenofovir, ikiwezekana kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito, hadi kujifungua au hadi mtoto akamilishe chanjo zake. Mwongozo huo huo unaruhusu tenofovir iliyochanganywa na lamivudine au emtricitabine pale tenofovir peke yake isipopatikana, na mchanganyiko wa namna hiyo tayari unatumika nchini kuwakinga wasio na VVU walio katika hatari. Kwa mabadiliko hayo, zahanati isiyo na maabara kubwa haina tena sababu ya kumrudisha mama nyumbani mikono mitupu.

Ushahidi upo, tena mwingine wa jirani. Mjini Kinshasa, kati ya 2018 na 2019, watafiti walitumia huduma zilizokwisha kujengwa kwa ajili ya VVU kuwapima karibu wajawazito 4,000. Walioombwa kupima karibu wote walikubali. Waliokutwa na kirusi walikuwa 109. Wenye virusi vingi wakapewa tenofovir, watoto wakachanjwa mara baada ya kuzaliwa, na katika waliofuatiliwa haikuonekana hata kesi moja ya mama kumwambukiza mtoto. Kule nako umeme unakatika, barabara ni mbovu na watumishi ni wachache. Utafiti mwingine, wa China, uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la JAMA, ulionyesha kwamba mama akianza tenofovir wiki ya 16 na mtoto akachanjwa anapozaliwa, matokeo hayapungukiwi na yale ya njia ya kawaida, inayohitaji pia sindano ya kingamwili kwa mtoto. Sindano hiyo ni ghali na inahitaji jokofu. Yaani ile sehemu ya matibabu iliyotushinda siku zote imeonekana kuwa si ya lazima.

Nageukia pingamizi, na la kwanza ni la fedha. Dawa za CTC hununuliwa kwa kiasi kikubwa na wafadhili, kila kopo lina hesabu yake, na tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, kila mganga mkuu anahesabu vidonge kwa wasiwasi. Sikubaliani kabisa na yeyote atakayependekeza kumega dawa za watu wenye VVU. Ninachoomba ni kutumia chumba, rejesta na ujuzi wa CTC, huku tenofovir ya homa ya ini ikiagizwa Bohari ya Dawa kwa fedha za halmashauri. Bei ya rejea duniani kwa tenofovir isiyo na jina la kampuni, kama ilivyotajwa katika ripoti ya 2024, ni dola 2.4 kwa mwezi, kama shilingi elfu sita. Si bei ya duka la dawa la mjini, ni bei ya ununuzi wa pamoja. Mama akitumia dawa miezi sita ya ujauzito na mitatu ya kunyonyesha mpaka chanjo ya wiki ya 14, ni shilingi elfu hamsini na nne hivi. Akina mama mia moja ni milioni tano na laki nne. Halmashauri inayokusanya ushuru wa alizeti, vitunguu na mifugo haiwezi kusema kwamba kiasi hicho kinavunja bajeti. Na kwa kuwa sera ya nchi inasema huduma kwa wajawazito katika vituo vya umma ni bure, kumtoza mama gharama ya kipimo hiki ni kwenda kinyume na ahadi ambayo tayari tumeitoa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na nalichukua kwa uzito wake. Dawa za homa ya ini B hazichezewi: mgonjwa aliyezizoea akikatiziwa ghafla, virusi huweza kuibuka kwa kishindo na kuliumiza ini. Kituo kinachoishiwa dawa mara kwa mara kinaweza kuleta madhara pale kilipokusudia tiba. Hii ndiyo sababu ombi langu limeanzia kwa wajawazito badala ya kutaka mlango ufunguliwe kwa wote siku moja. Mama ana tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Dozi yake yote inaweza kutengwa kwa jina lake siku anayoandikishwa. Na baada ya kuacha anarudi kliniki kumchanja na kumpima uzito mtoto, hivyo muuguzi anaweza kumchunguza macho na kumuuliza hali yake. Wale ambao ini lao limekwisha kuumia, ambao hawapaswi kuacha dawa, watambuliwe kwa vipimo vya kawaida vya damu na kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au St. Gaspar Itigi kwa walio upande huo. Tukishajifunza kutokuishiwa dawa ya akina mama, tutakuwa na haki ya kuwaita na waume zao.

Wapo wanaohofia fedheha: mama atapimwa, atakutwa na kirusi, mume atamfukuza. Hofu hiyo haikutuzuia kupima VVU, na tulijifunza kuikabili kwa kuwashauri wote wawili. Katika homa ya ini B tuna jambo zuri zaidi la kumwambia mume: yeye ambaye hana kirusi anaweza kuchanjwa dozi tatu na akakingwa. Mama anaweza kunyonyesha. Sahani, kikombe, kumbatio na kitanda cha watoto haviambukizi. Wembe na mswaki visitumiwe kwa zamu. Nusu ya fedheha inatokana na watu kuuchanganya ugonjwa huu na homa ya manjano, na nusu nyingine na laana. Muuguzi mwenye dakika kumi na maneno sahihi huweza kuyaondoa yote mawili, mradi awe na kitu cha kumpa mama zaidi ya maneno.

Kuna hoja inayotoka ng'ambo na huwafikia wengi kwenye simu. Desemba 2025 kamati inayoishauri serikali ya Marekani kuhusu chanjo ilipiga kura kuachana na pendekezo la kumchanja kila mtoto anapozaliwa, pendekezo lililodumu tangu 1991, na kuwaachia wazazi na daktari uamuzi pale mama alipopimwa na kuonekana hana kirusi. Vyama vingi vya madaktari wa huko vililipinga hilo, nami naona vilikuwa sahihi. Lakini hata ukiukubali uamuzi huo, umesimama juu ya sharti moja: mama awe amepimwa. Kwa mama aliyekutwa na kirusi, au asiyejulikana, hata Wamarekani hawakuondoa chanjo ya siku ya kuzaliwa. Mtu anayeitumia habari hiyo kuwatuliza watu wa Singida anasahau kwamba sharti lenyewe ndilo tunalopungukiwa.

Wengine wanatuambia tusubiri dawa ya kuponya kabisa. Utafiti unasonga mbele, hilo halina ubishi: mwaka 2022 dawa ya sindano iitwayo bepirovirsen iliripotiwa kukifuta kirusi kwenye damu kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi, na majaribio makubwa zaidi yakafuata. Naomba ifanikiwe. Ila mtoto atakayezaliwa Makiungu wiki ijayo hawezi kuisubiri, na akikingwa hataihitaji kamwe.

Namibia haina utajiri wa kutisha, na Mei 2024 ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani kwa hatua ilizopiga kuzuia homa ya ini B na VVU visipite kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Ilifika hapo kwa kuyachukulia magonjwa hayo kama kazi moja ya kliniki moja. Hapa kwetu, kwa mujibu wa utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022, wanawake 81 kati ya mia hujifungulia vituoni. Mama yuko mikononi mwetu. Tunamshika mkono, tunamchoma kidole, tunaandika kadi yake, kisha tunamwacha aondoke na swali moja ambalo hatukuliuliza.

Ninachowaomba mfanye hakihitaji sheria mpya. Waganga wakuu waingize vipimo vya homa ya ini B na dozi za tenofovir kama kifungu kinachosomeka katika Mpango Kabambe wa Afya wa kila halmashauri, na madiwani waikatae bajeti ambayo kifungu hicho hakimo. Timu ya mkoa iandae maelekezo ya ukurasa mmoja kwa zahanati: nani apimwe, lini aanze, VVU vipimwe kwanza ili asije mwenye VVU akapewa tenofovir peke yake, nani apelekwe rufaa. Rejesta ya wajawazito iwe na safu ya homa ya ini kandokando ya ile ya VVU, na takwimu zake zisomwe kila robo mwaka mbele ya baraza, hata zikiwa za aibu. Watumishi wanaozalisha wachanjwe wao kwanza, kwa kuwa sindano inayowachoma kwa bahati mbaya inawaweka hatarini kila siku. Na mama wa Munguli, anayeishi mbali na lami, ahesabiwe katika mpango huo tangu mwanzo, dozi yake ipelekwe na huduma ya mkoba kama zinavyopelekwa chanjo.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makisio hupita mezani kwenu miezi kadhaa kabla. Naomba, mtakapoyafungua, mtafute kifungu hicho, na kama hakimo, mumuulize mganga mkuu wenu mbele ya wananchi sababu ni nini.

Wenu katika kuujenga mkoa,

Mwananchi wa Singida